Alama Nne kwa Kata Moja

Niliolewa Wete nikitokea kisiwa cha Fundo, miaka michache kabla ya vita vya pili vya dunia, na jambo la kwanza nililofundishwa katika nyumba ya mume wangu halikuwa kupika wala kufagia. Nilifundishwa kutokigusa kijiti.

Kilikuwa kijiti cha mkandaa, mti wa mikokoni, kimenyooka, urefu wake kama toka kiwikoni mpaka ncha za vidole. Kilikatwa alama kwa kisu toka chini hadi juu, na kila alama ilikuwa mbali na mwenziwe kwa nusu ya upana wa kidole. Mavyaa wangu, yaani mama yake mume wangu, alikitia katika debe la mafuta ya nazi kila asubuhi baada ya kuswali. Alikizamisha mpaka kikagusa chini, akakitoa, akakipeleka mlangoni kwenye mwanga, akatazama mafuta yameishia wapi. Kisha alikifuta kwa kitambaa na kukirudisha juu ya kabati.

Debe lile lilikuwa la bati, la pembe nne, kuta zake zimesimama wima. Kila siku tulichota kata moja, kata ya kifuu cha nazi, kwa mapishi na kwa nywele zetu. Na kila siku mafuta yalishuka alama moja. Debe likiwa limejaa, alama moja. Likiwa nusu, alama moja. Likikaribia kukauka, alama moja vilevile. Mavyaa aliona alama yake, akasema "Alhamdulillahi," na siku ikaendelea.

Tulikuwa watu wanne. Mavyaa, mume wangu ambaye alikuwa seremala, mimi, na wifi yangu, dada yake mume wangu, ambaye aliachwa na mumewe akarudi kwao. Alikuwa na binti wa miaka mitano, lakini mtoto alibaki kwa baba yake, upande wa pili wa mji. Wifi hakupenda kumzungumza mtoto wake, na sisi hatukumuuliza.

Debe likaota kutu, likatoboka kwenye pembe. Mavyaa akasema hataki tena mabati. Akamwambia mume wangu amtolee balasi lililokuwa ghalani, mtungi mkubwa ulioletwa kutoka Uarabuni zamani za bibi yake. Ndani ulipakwa rangi ya kijani yenye kung'aa, kwa hiyo haukunywa mafuta. Shingo yake ilikuwa nyembamba, tumbo lake pana, na kitako chake kidogo. Tulikuna nazi siku tatu na majirani, tukachemsha matui, na mafuta yalipopoa tuliyamimina mpaka yakafika shingoni. Mavyaa akatia kijiti chake kilekile. Akaridhika.

Asubuhi ya pili yake nilikuwa nachambua mchele uani niliposikia ananiita.

"Jana mlichota kata ngapi?"

"Moja, mama."

"Moja?"

"Moja tu. Nilichota mwenyewe."

Akakitia kijiti mara ya pili, akanionesha. Mafuta yalikuwa yameshuka alama nne.

"Kata moja haili alama nne," akasema. "Miaka yote haijala."

Alinitazama, kisha akakitazama kikapu changu kilichotundikwa ukutani, kile nilichokuwa nikichukulia vitu vidogo vidogo kila nilipokwenda kwetu Fundo. Hakusema kitu. Ingekuwa afadhali angesema, maana ningeweza kukana. Mtu asiyetuhumiwa kwa mdomo atakana nini?

Siku ya pili, alama nne tena. Ya tatu, tatu. Mavyaa akafunika mdomo wa balasi kwa kitambaa cheupe, akakikaza kwa kamba ya usumba wa nazi na kupiga fundo alilolijua yeye peke yake. Kila asubuhi alilifungua mwenyewe, nikachota mbele yake, akalifunga.

Na mafuta yakapunguza mwendo. Alama mbili, kisha moja. Baada ya siku kumi hivi, hata alama moja hayakufika. Nilichota kata ileile, na kijiti kilionesha nusu alama. Mavyaa alifurahi kwa furaha ambayo sikuipenda.

"Unaona?" alimwambia wifi yangu, na mimi nipo. "Mwizi ukimwekea fundo hushika adabu."

Nilikuwa na jambo moja tu la hakika, kwamba mie sikuiba. Lakini fundo lilifungwa na mafuta yakatulia, hilo nililiona kwa macho yangu. Basi nikaanza kujiuliza. Kama si mie, na mafuta yalikuwa yakienda, na sasa hayaendi, ni nani aliyezuiwa na fundo lile? Nyumbani tulikuwa wanne.

Wiki nyingi zilipita hivyo. Kisha nikaletewa habari kwamba mama yangu anaumwa mguu, nikaomba ruhusa ya kwenda Fundo. Mavyaa akakubali. Lakini asubuhi ya safari alikishika kikapu changu, akatoa muhogo mmoja mmoja, akatoa kanga yangu ya kubadilisha, akainusa. Aliinusa mbele ya mlango wa barazani, majirani wakipita. Halafu akanirudishia, akasema, "Nisalimie wazee wako."

Nilikaa kwetu siku nne. Sikumwambia mama yangu neno.

Siku chache baada ya kurudi, mafuta yakaanza tena kwenda mbio. Alama moja, moja na nusu, mbili. Fundo lilikuwa palepale, halijaguswa. Safari hii Mavyaa alisema.

"Umerudi, na mafuta nayo yamerudi kukimbia."

"Wallahi mama, sijagusa."

"Usiape. Mafuta hayana miguu."

Alasiri ile mume wangu alikuja akakaa kitandani, mikono yake imejaa unga wa mbao. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema kwa upole, "Kama kwenu wana shida ya mafuta, si uniambie mie? Ningewapelekea."

Maneno ya mama yake yaliniuma, lakini haya yalinikata. Yule alinidhania. Huyu alikuwa amekwisha amini, na ananihurumia. Nikamwambia, "Nipe siku kumi na mbili."

"Za nini?"

"Za kumjua mwizi."

Ukweli ni kwamba mwizi nilikuwa nimekwisha mpata moyoni. Nilimdhania wifi yangu. Nilihesabu mara anazokwenda kisimani na muda anaokaa. Akijipaka mafuta nywele, nilitazama zinang'aa kiasi gani. Akicheka, niliona anacheka kwa sababu balaa liko kwangu. Naona haya kuyakumbuka, lakini dhana ikishaingia kichwani, kila kitu huwa ushahidi.

Kazi yangu ya mkono ilikuwa ususi, kama wanawake wengi wa kwetu. Nilikuwa na ukindu mwingi, majani yake yamechanwa sawasawa. Kila asubuhi, Mavyaa akishakisoma kijiti, nilimwomba nikifute mimi. Kabla ya kukifuta nilikilazia jani la ukindu na kulikata palepale mafuta yalipoishia. Kwa hiyo urefu wa jani ulikuwa ndio kina cha mafuta siku ile. Niliyaweka majani yale chini ya godoro, kwa mpango wake. Siku ambayo wifi alibaki nyumbani peke yake, jani lake nililipiga kifundo kidogo.

Fikra yangu ilikuwa hii. Nikiyapanga majani ubavu kwa ubavu, yatashuka kama ngazi, daraja kwa daraja. Penye wizi, ngazi itavunjika. Daraja moja litaanguka ghafla, na hilo jani litakuwa na kifundo.

Siku ya kumi na mbili mafuta yalikuwa yamefika chini kabisa, hata Mavyaa hakulifunga tena balasi. Mavyaa alikuwa kwenye hitima kwa jirani. Nilitandika mkeka chumbani, nikayapanga majani kumi na mawili, vitako vyake vimekaa kwenye mstari mmoja.

Ngazi haikuvunjika popote.

Niliyapanga upya, nikidhani nimechanganya. Yalikuwa sawa. Toka jani la kwanza kwenda la pili tofauti ilikuwa ndogo. Toka la pili kwenda la tatu ilizidi kidogo, na la nne ikazidi tena kidogo. Ncha zake zilipinda polepole, kama mgongo wa ndizi, bila kuruka. Majani yenye vifundo yalikuwa katikati ya wenzao, hayana tofauti nayo. Na zaidi ya hayo, siku tatu kati ya zile kumi na mbili wifi alilala kwa shangazi yake Konde. Siku hizo nazo mafuta yalishuka, na kila siku kupita ya jana.

Nikakaa pale chini nikatafakari. Ni mwizi gani anayeongeza kidogo kila siku, hakosei hata mara moja, na anaiba akiwa yuko au hayuko? Mwizi wa kweli ana siku ya njaa na siku ya woga. Mkono wake hauendi hivi.

Pembeni yangu kulikuwa na kawa nililokuwa nikilishona, kile kifuniko cha chakula chenye ncha juu na mdomo mpana chini. Kawa hushonwa kwa ukili mmoja mrefu, yaani utepe wa ukindu uliosukwa, unaozungushwa. Pale kileleni, pima moja ya ukili huzunguka mara nyingi na kazi inakwenda haraka. Ukifika kwenye mdomo mpana, pima ileile haimalizi hata mzunguko mmoja, na kawa haliongezeki urefu wa kuonekana. Nilikwisha shona makawa yasiyo na idadi na nililijua jambo hilo kwa vidole. Nikalitazama kawa, nikatazama majani, nikanyanyuka kwenda kutia mkono ndani ya balasi mpaka kitakoni.

Kitako kilikuwa chembamba, vidole vyangu vilipata kuta pande zote. Nilipoupandisha mkono, kuta zilinikimbia. Shingoni zilirudi kunibana.

Sikuliamini hata hilo mara moja. Nilikuwa nimekwisha kosea mara moja kwa kuamini upesi. Nikachukua debe la maji, nikalijaza, nikachota kwa kata ileile mara kumi na mbili, na kila kata nikakata jani. Nilipoyapanga majani ya debe nilivuta uzi toka ncha ya kwanza hadi ya mwisho. Uzi uligusa ncha zote. Nilipouvuta juu ya majani ya balasi uligusa la kwanza na la mwisho tu. Katikati ncha zilijitokeza nje ya uzi, na zilijitokeza zaidi kuliko nilivyofikiri.

Mavyaa aliporudi nilimwita chumbani, nikamwonesha. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Umeyakata mwenyewe," akasema.

"Ndiyo, mama. Kwenye kijiti chako."

"Basi unaweza kuyakata upendavyo."

Nilihisi machozi yananijia, na hasira ikayarudisha. "Basi kata mwenyewe, mama. Chota mwenyewe na upime mwenyewe. Mie nitakaa mbali."

Wifi alikuwa nyuma yake, akasikia. Ndiye aliyesema, "Mama, maji si mafuta. Tukimwaga hatupotezi kitu. Jaribu."

Baada ya adhuhuri tulilitoa balasi uani, tukaliosha kwa majivu, tukalijaza maji ya kisima mpaka shingoni. Mavyaa aliketi kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, kata mkononi. Mie nilikaa barazani, mikono nimeiweka kwenye mapaja aione. Akachota kata ya kwanza akaimwaga, akatia kijiti.

"Ngapi?" wifi akauliza.

Mavyaa alikipangusa kijiti. Akakitia tena. "Nne," akasema.

Akachota ya pili. Nne. Ya tatu, tatu. Alimtazama wifi, akanitazama mie kule mbali, akachungulia ndani ya balasi kana kwamba kuna mtu amejificha humo. Aliendelea. Alipofika tumboni kijiti kilionesha nusu alama, kata baada ya kata, na wifi akaanza kuchoka akaenda kuswali alasiri akarudi akamkuta bado anachota. Jua lilikuwa limeshaegemea alipofika kitakoni na kijiti kikaanza tena kwenda mbio, moja, moja na nusu, mbili, tatu. Kata ya mwisho ilikwaruza udongo.

Aliiweka kata chini. Uwanja wote ulikuwa umelowa.

"Debe lilikuwa likisema kweli," akasema mwishowe. "Nikadhani kila chombo kinasema kama debe."

Hiyo ndiyo radhi pekee niliyopata kwake. Hakuniomba msamaha siku ile wala siku nyingine. Lakini kesho yake alimwambia mume wangu amchongee kijiti kipya, kisicho na alama. Tukajaza maji upya, na safari hii mie ndiye niliyechota, na yeye kwa kisu chake alikata alama moja kwa kila kata. Kijiti kilichotoka kilikuwa cha ajabu. Alama za juu zilikuwa zimeachana, za katikati zimesongamana kama meno ya chanuo, za chini zikaachana tena. Kila alama ilikuwa kata moja, lakini nafasi kati ya alama na alama hazikulingana. Mume wangu alikitazama akasema kwamba angemletea fundi mwenzake kijiti kama kile angeambiwa amelewa.

Nilidhani dhana imekwisha nyumbani kwetu. Haikwisha. Ilipata tu kipimo sahihi.

Balasi lilijazwa mafuta mapya, safari hii bila fundo, na kwa mwezi mzima kila kata ilikula alama yake. Kisha Mavyaa akaitwa kwenye msiba Mkoani. Aliondoka Jumatatu baada ya kupima, na kwa mara ya kwanza akaniachia kijiti mkononi. "Ijumaa nitarudi," akasema. "Kata nne, alama nne."

Jumanne nilichota moja. Jumatano asubuhi nilipima kabla ya kuchota, na mafuta yalikuwa alama tatu chini ya alipoyaacha. Nilipima mara tatu. Tulikuwa katikati ya tumbo la balasi, alama zimesongamana, na mtu asiyekijua kijiti asingeona kitu. Lakini mie nilikijua. Hapakuwa na upinde wowote wa kujificha nyuma yake. Kata mbili zilikuwa zimekwenda kwa mkupuo.

Mume wangu alikuwa kazini kwake toka alfajiri. Nilibaki mie na wifi.

Nilishangaa moyo wangu. Nilipomdhania naye hana kosa, niliwaka moto nimshike. Sasa kosa liko mbele yangu, limepimwa, na sina hamu ya kushika mtu. Nilikwenda jikoni nikamkuta anatia moto.

"Wifi," nikasema, "leo na kesho tutakula samaki wa kuchoma."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mafuta ya leo na kesho yameshatumika."

Aliacha kupuliza moto. Moshi ulimwingia machoni lakini hakuyafumba. Niliona anatafuta uongo, kisha nikaona ameacha kuutafuta.

"Nilimpelekea mwanangu," akasema. "Kule hawampaki. Nywele zake zimekuwa kama usumba, kichwa kimejaa mabaka. Nilimwona Ijumaa iliyopita njiani, hakunijua upesi." Akafuta uso kwa upindo wa kanga. "Utamwambia mama?"

"Nikitaka kumwambia ningekuwa nimechota na leo."

"Na zile za mwanzo," akasema, "nakuapia sikuwa mie."

"Najua. Zile hazikuwa za mtu."

Tulichoma samaki siku mbili, tukala na muhogo wa kuchemsha. Mume wangu alikula bila ya kuuliza. Ijumaa asubuhi nilichota kata moja, na mafuta yakakaa kwenye alama ya nne, barabara.

Mavyaa alirudi baada ya sala ya Ijumaa. Hakuvua hata buibui. Alipima, akasema "Alhamdulillahi." Kisha akasimama jikoni akitazama chungu, kikaango, na wavu wa kuchomea samaki uliokuwa mweusi kwa masizi mapya.

"Mmekula nini siku zote hizi?"

"Samaki wa kuchoma, mama," nikasema.

"Siku zote?"

"Siku mbili."

Alinitazama, akamtazama binti yake. Wifi aliinamia mchele. Nilihesabu pumzi zangu nikimngoja aseme. Akaenda kuvua buibui. Lakini Jumapili ile aliingia chumbani akatoka na chupa ndogo, akaichotea mafuta mwenyewe, akaikabidhi kwa wifi bila kumwangalia. "Peleka unakokujua," akasema. Kijitini akakata mtai, mkwaruzo mdogo pembeni, kuonesha kwamba nusu kata ile ilikuwa halali.

Wifi aliolewa tena wakati wa vita, na mume mpya akakubali kumlea mtoto. Mie nilizaa wanangu katika nyumba ileile. Mavyaa aliendelea kupima kila asubuhi, hata mwaka ambao nazi zilikuwa chache tukalijaza balasi nusu tu. Mtoto wa jicho alipompata akawa haoni tena alama, akaniita akanipa kijiti nimsomee.

Nilimsomea kila siku, kweli tupu. Na kila siku, nikishamwambia, aliunyoosha mkono akakichukua kijiti, akapapasa kwa kidole gumba toka juu akiteremka, alama kwa alama, mpaka mahali kijiti kilipoanza kuteleza kwa mafuta. Ndipo akasema, "Haya."